Mwito wa Mapichi ya Ng'ambo

Wapo watu, wengi wao wenye miwani minene na subira ya ajabu, ambao furaha yao duniani ni kukusanya santuri za makundi ya waimbaji yaliyosahauliwa hata na mama wa waimbaji wenyewe. Watu hao wakikaa pamoja, kuna jina moja likitajwa wanashusha sauti: Grosbeaks wa Baltimore. Sahani moja tu, ya mwaka 1953. Upande mmoja "Dirisha la Tatu", upande wa pili takataka fulani ya kuchezea dansi. Wanasema nakala zilizobaki hazijai vidole vya mkono mmoja, na kila mmoja ana maelezo yake. Huyu atakwambia ghala liliungua. Yule atakwambia kampuni ilifilisika kabla wino haujakauka. Uongo mtupu. Ghala halikuungua kwa sababu halikuwapo. Aliyezimaliza sahani zile ni Elwood Gaither, mchana kweupe, uani, kwa nyundo ya kupigilia viatu vya farasi.

Elwood hakuwa mtu wa kutisha wala wa kuandikwa magazetini. Alikuwa mrefu, mabega mapana, na kope zake zilikuwa nzito kiasi kwamba hata saa sita za mchana ungedhani anaota. Mara nyingi alikuwa anaota kweli. Mama yake alifariki yeye akiwa bado anajifunza kufunga kamba za viatu, akalelewa na mjomba wake, Hezekiah Cornish, aliyekuwa akiuza matunda kwa gari la farasi katika mitaa ya nyuma ya Pennsylvania Avenue. Mjomba hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na farasi jike mweusi aliyeitwa Dinah, njuga kumi na mbili za shaba, na ule mwito.

Mwito ndio mambo yote. Wauza matunda wetu wa magari ya farasi, kila mmoja ana mwito wake, na mwanamke aliye jikoni ghorofa ya pili, mikono imejaa unga, anajua nani anapita bila kuchungulia. Huchukui mwito wa mwenzako akiwa hai na anaendesha. Ukiutaka, unaenda zizini mbele ya wenzake wote, unavua kofia, unaomba. Akikataa, umekataliwa. Wapo watu waliowahi kupigana kwa mijeledi kwa sababu ya mstari mmoja wa kuitia nyanya.

Mwito wa Hezekiah ulikuwa wa mapichi. Ulianzia chini kifuani, taratibu, kama mtu anayejisemea peke yake: mapichi, mapichi ya ng'ambo. Halafu ukapanda, ukapanda tena, ukafika mahali ambapo sauti ya mwanamume wa kawaida ingekatika, ukaning'inia hapo, ukapasuka kidogo, kisha ukashuka pole pole kama unga unaochungwa. Alikuwa ameupata kwa baba yake, Levin Cornish, mtu wa ng'ambo ya ghuba ya Chesapeake, aliyekufa Hezekiah akiwa na miaka tisa. Hakuna picha ya Levin. Hakuna barua, kwa sababu Levin hakujua kuandika. Kilichobaki ni huo mwito.

Elwood alikua chini ya mwito huo kama wengine wanavyokua chini ya mti wa uani. Alipofika miaka ishirini alikuwa anakaa pembeni ya mjomba kwenye gari, na aliruhusiwa kuitikia, yaani kurudia mkia wa mwito baada ya mwenyewe kuumaliza. Kuitikia si kuita. Alilijua hilo kama alivyojua jina lake.

Jumapili mchana zizi lilikuwa lao, vijana wanne. Rudell Tilghman ndiye aliyekuwa mbele, mwembamba, mtanashati, mpiga pasi kwenye dobi ya hoteli, mwenye sauti ya kumfanya shangazi yako auze kitanda. Otha Brisco wa kiwanda cha chuma alishika besi. Wendell Spriggs, kinyozi, alikuwa juu kabisa, huko kwenye mabati. Elwood alikuwa katikati. Sauti ya katikati ni ile ambayo ikiwapo huisikii, na ikikosekana unauliza kuna nini leo.

Miaka ile kila kundi mjini lilijipa jina la ndege, na ukichelewa kuanzisha kundi unakuta ndege wazuri wamekwisha. Rudell alienda maktaba kutafuta, akarudi na jina limeandikwa kiganjani.

"Grosbeak," alisoma.

"Ndiye ndege gani huyo?" aliuliza Otha.

"Mwekundu kifuani. Anaimba vizuri."

"Mbona hujasema habari za mdomo? 'Beak' si ndiyo mdomo? Jina lenyewe limeutaja."

Rudell akakohoa. "Mdomo ni mnene kidogo."

"Mnene kama nini?"

"Kama wako. Tuanze, jamani, jua linazama."

Basi wakawa Grosbeaks, na Dinah akawa msikilizaji wao, akitafuna nyasi na kugeuza sikio moja kila Wendell alipokosea.

Mwezi wa nne wa mwaka 1953 Bi Odessa Hargrove aliwaita. Bi Odessa alikuwa na duka la redio na cherehani, na chumba cha nyuma alichokizungushia mablanketi ya jeshi, akaweka mashine ya kurekodia. Alikuwa mama mfupi, mwenye kalamu mbili kichwani na ulimi usio na breki. Wimbo wao aliupenda. Ulikuwa wa kijana anayesimama barabarani akimwangalia msichana kwenye dirisha la tatu, hamwambii kitu, anaondoka. Lakini mwanzo wake haukumridhisha.

"Mnaingia kama watu waliokuja kusoma mita ya gesi," alisema. "Kabla Rudell hajafungua kinywa, nataka kitu. Mtu yupo barabarani, siyo? Nifanyeni niisikie hiyo barabara."

Wendell akajaribu kupiga mluzi. Otha akajaribu kunguruma. Bi Odessa akajipepea na bahasha. "Hiyo si barabara, hiyo ni homa ya tumbo. Nyie hamjawahi kutoka nje?"

Na Elwood, aliyekuwa amesimama karibu na blanketi akiwa mbali kama kawaida yake, akaufungua mdomo akaita. Hakupanga. Mwito mzima, kuanzia kifuani mpaka kule juu, akaupasua pale unapopasuka, akaushusha. Alikuwa hajawahi kuuita mzima mbele ya binadamu. Alihisi paji la uso limekuwa baridi.

Kisha Bi Odessa akaondoa kalamu moja kichwani, akaiangalia kama haijui, akairudisha.

"Tena," alisema, "na mashine ikiwa inazunguka."

Hapo ndipo angeweza kusema, "Bi Odessa, huo si wangu." Maneno matano tu. Lakini Rudell alikuwa anamtazama kwa macho yaliyojaa maji, na Otha alikuwa amemshika bega, na Elwood hakuwa amewahi kuwa mtu anayetazamwa hivyo. Akaita tena. Alijiambia atamwomba mjomba jioni ile ile. Jioni ile mjomba alikuwa anaumwa jino. Wiki iliyofuata ilikuwa mvua. Wiki ya tatu ikawa aibu sasa, na aibu haina siku ya kufunguliwa. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio cha Elwood kilitoka mwezi wa sita kikiwa na lebo ya njano, kikauzwa dukani.

Wasiokuwapo msimu ule hawawezi kuelewa. Joto la Baltimore linajulikana, na hakuna dirisha linalofungwa. Ukitembea kutoka kona moja hadi nyingine ulikuwa unautoka wimbo dirisha hili unauingia dirisha lile bila kupoteza hata neno. Wanawake walisugua ngazi zao nyeupe za mawe kwa mwendo wake. Wasichana walibishana nani anaishi dirisha la tatu. Hewa yenyewe ilikuwa nzito, ina harufu ya sabuni na samaki wa kukaanga, na kila baada ya dakika chache, kutoka mahali usipopajua, mtu akaita mapichi.

Siku ya kwanza Hezekiah alipoita na hakushuka mtu, alidhani watu wako msibani. Akaita mara ya pili. Mwishowe Bi Vashti Dashiell, mteja wake wa miaka mingi, akatokea mlangoni kutupa maji machafu, akashtuka.

"Ah! Hezekiah! Kumbe ni wewe mwenyewe?"

"Ulitaka iwe nani?"

"Mie nilidhani ni ile sahani! Mwanangu, toka asubuhi nimesikia mapichi mara sita, nikishuka kila mara nitakufa kwa magoti." Akacheka mpaka akashika ukuta. "Sasa wewe ukija uwe unapiga hodi."

Elwood alikuwa amekaa pembeni ya mjomba, hatamu mapajani. Alingoja ateremshwe. Alingoja mjeledi, tusi, chochote. Hezekiah aliweka mapichi matatu ya ziada kwenye bakuli la Bi Vashti, akapanda, na tangu dakika ile hakuita tena. Njuga tu. Kesho yake njuga tu, na keshokutwa.

Na Dinah naye alimaliza kumvua nguo Elwood hadharani. Farasi yule alikuwa amefundishwa kusimama mwito unapofika juu, ili mjomba ahudumie wateja. Sasa kila dirisha lilipoimba, Dinah alisimama. Alisimama mbele ya vinyozi. Alisimama mbele ya baa saa tatu asubuhi, akakataa kuondoka mpaka wimbo uishe. Watu wakaanza kumtania mzee: "Hezekiah, farasi wako amempata Yesu?" "Hezekiah, mnunulie hiyo sahani aweke zizini!" Mzee alikuwa anaacha hatamu zilegee, anashusha kofia usoni, anakaa. Mapichi nyuma yao yalikuwa yanalainika, na nyigu waliyajua kabla ya wateja.

Siku moja Elwood alijikaza. Walikuwa wamesimama chini ya dirisha lenye pazia la bluu, Dinah amegoma kama kawaida yake.

"Mjomba, kuhusu ule wimbo..."

"Nyamaza kidogo," alisema Hezekiah, bila kumtazama.

Elwood akanyamaza. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanasema, na yeye aliungoja huo mshindo wiki nzima. Aliona alichokifanya. Alikuwa amemwibia mtu aliyemlea kitu pekee alichoachiwa na baba yake, akakisambaza mjini, na sasa mwenyewe anapita mtaani kwake kama bubu. Usiku hakulala, mchana hakuamka. Alikonda.

Wenzake hawakuyaona hayo. Walikuwa angani. Bi Odessa alipata habari kwamba ukumbi mmoja mkubwa wa New York unawataka waimbe onyesho la mchana, Jumamosi, na kwamba mtu wa kampuni kubwa atakaa safu ya nne kuwasikiliza. Akipenda, wimbo utachapishwa upya na kwenda nchi nzima. Rudell alinunua suti nne za rangi ya krimu kwa mkopo wa maneno matamu, na Wendell akawanyoa wote bure, akamkata Otha sikio kwa furaha.

Onyesho lilianza saa saba. Elwood alikumbuka baadaye vitu vichache na vyote vilikuwa kama vya ndotoni: zulia jekundu lililoliwa na panya, mwanamke nyuma ya jukwaa anakula yai la kuchemsha, taa iliyomwagika juu yao ikawa nyeupe kabisa, hata watu wakapotea. Mpiga ngoma akawapa mwendo. Watatu wale wakageuka kidogo, kama walivyofanya mazoezi, wakamwachia nafasi.

Akavuta pumzi. Na pale penye weupe aliona barabara, ndefu, haina mwisho, inatoka Baltimore inakwenda Chicago na miji ambayo hajawahi kuifikia, na kila dirisha linaita mapichi, na mjomba wake anapita katikati, kofia usoni, hana hata mtaa mmoja uliobaki wa kuitia. Nikiita hapa, aliwaza, sitaweza kuurudisha tena kamwe.

Akafunga mdomo.

Mpiga ngoma akazunguka, akarudi mwanzo. Mtu mmoja kwenye kiti akakohoa.

"Elwood," alinong'ona Rudell, tabasamu bado liko usoni. "Ita."

"Siwezi."

"Ita, ndugu yangu, nakusihi."

"Siwezi, Rudell."

Otha akaokoa jahazi alivyoweza. Akaingia na besi yake, Rudell akafuata, wimbo ukaanza katikati kama mtu aliyesukumwa mlangoni bila viatu. Waliimba vizuri. Wasioujua wimbo walipiga makofi ya heshima, na wanaoujua wakapiga kelele wanataka mapichi yao. Kwenye safu ya nne mtu mmoja alichukua kofia yake kwenye goti, akaomba njia, akatoka. Ubeti wa pili ulikuwa haujaisha.

Kwenye ngazi za nyuma Rudell alimshika Elwood kola ya ile suti.

"Nimepiga pasi mashuka ya watu miaka mitano," alisema. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. "Miaka mitano mvuke usoni. Tulikuwa na mlango mmoja tu, Elwood. Mmoja! Ufunguo ulikuwa nao wewe, na umeumeza."

"Haukuwa wangu. Ni wa mjomba. Sikumwomba."

Rudell akamwachia. Alikuwa mtu wa mtaa wetu, alijua maana yake.

"Basi ungetuambia tukiwa Baltimore," alisema, na sauti ile nzuri ikakwaruza. "Tungekwenda zizini wote wanne. Tungevua kofia."

Ndani ya basi la kurudi kila mmoja alikaa kiti chake. Grosbeaks hawakuimba tena pamoja, na Rudell hakumwamkia Elwood kwa miaka kumi na moja.

Mtu mwingine angeishia hapo. Elwood aliona bado hajalipa. Kuufunga mdomo New York ni jambo moja, na madirisha ya nyumbani je? Jumatatu alienda kwa Bi Odessa akaomba asichapishe tena, na ujira wake apewe kwa sahani zilizobaki. Bi Odessa alimwambia amerogwa, akampa, akalia. Kisha Elwood akazunguka kwenye mabaa, akawaomba wenye mabaa waitoe kwenye masanduku ya muziki. Aliwapa sahani nyingine badala yake. Halafu, na hili mtaa unalisimulia mpaka leo, akanunua shehena ya matikiti maji, akapita mlango kwa mlango.

"Tikiti moja kwa sahani moja, Bi Vashti."

"Sahani ile yako? Si ndiyo umaarufu wako huo?"

"Naomba tu."

"Tikiti zima?"

"Zima."

"Ngoja," alisema Bi Vashti, akapanda ngazi mbio, magoti yamesahauliwa. "Chukua na ya kaka yangu. Yeye yuko kazini."

Siku nne. Wachache walikataa, wengi walikula matikiti. Siku ya tano, saa nane mchana, alizipanga uani nyuma ya zizi, akachukua nyundo. Sahani za wakati ule zilikuwa ngumu na nyepesi kuvunjika kama sahani za udongo. Zilitoa sauti ndogo, kavu. Ya mwisho ilikuwa yake mwenyewe, aliyopewa na Bi Odessa siku ya kwanza, na aliposhusha nyundo alihisi kifua kimemfunguka kwa mara ya kwanza tangu masika. Alilala usingizi mpaka majogoo wa jirani walipochoka kuwika.

Boti ya mapichi ilikuwa imekawia wiki nzima; Jumamosi ndipo walipotoka tena na gari, mapichi ya mwisho ya msimu nyuma yao, makubwa, mekundu shavuni. Asubuhi ilikuwa kimya, ya kupendeza. Elwood alikuwa anangoja. Sasa mtaa ni wako, mjomba, alikuwa anasema moyoni, ita.

Hezekiah hakuita. Walipita kona ya kwanza, Dinah akitembea tu. Walipita chini ya pazia la bluu. Mzee akainua kofia kidogo, akatega kichwa. Mwisho wa mtaa hakukata kulia kama siku zote. Alizunguka, wakarudi kupita pale pale. Kisha akazunguka tena.

"Dinah ameziba masikio?" aliuliza.

"Hapana, mjomba."

"Leo kuna nini? Mbona madirisha yamekufa?"

Elwood akageuka kwenye kiti. Alikuwa ameyangoja maneno haya, akayasema yote kwa mpigo, kama mtu anayekabidhi zawadi: kwamba aliuchukua mwito bila kuomba, kwamba alikataa kuuita New York, kwamba amezikusanya sahani karibu zote za mjini na kuzivunja, na kwamba mwito sasa umerudi kwa mwenyewe. "Najua nilikukosea. Najua ndiyo maana uliacha kuita."

Hezekiah alifunga hatamu kwenye ndoano yake taratibu sana.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna, mjomba. Nilikuona umenyamaza."

"Nilinyamaza ili nisikie, mjinga wewe!"

Njiwa waliruka kutoka paa la kanisa. Mzee akatazama mbele, kati ya masikio ya Dinah, na alipoendelea ilikuwa kwa sauti ya kujisemea peke yake.

"Miaka arobaini na saba naita ule mwito, na sijamsikia tena mwenyewe, baba yangu. Mtu akiita anajisikia koo lake tu. Baba alikuwa anaita bado yuko majini. Boti ya mapichi hata haijaonekana vizuri, sisi tuko gatini, na sauti inatufikia kwanza. Inakuja imechoka, ina upepo ndani yake. Nikasahau ilivyokuwa. Nikadhani ndiyo imekwenda. Vashti akanitajia sahani, nikatega sikio. Halafu siku moja ya Juni, Dinah anasimama mbele ya baa, na baba yangu yule pale ndani. Mbali. Na ile mikwaruzo ya sahani, Elwood, ule ni upepo hasa. Ndiye yeye, nakwambia. Niliteremka nikachungulia mlangoni kama mtoto."

"Mjomba..."

"Madirisha kumi na saba. Niliyahesabu. Nilikuwa nampita kila siku, mara kumi na saba. Mapichi yaoze, kwani ni mara ya kwanza mapichi kuoza? Wewe ukaja ukaniongelesha katikati, nikakwambia nyamaza kidogo. Kidogo! Nilikwambia ukanyamaze na nyundo?"

Maji yakimwagika hayazoleki. Elwood alikaa na mikono yake mikubwa magotini, akaitazama kama ni ya mtu mwingine. Alikumbuka ile sauti ndogo, kavu, moja baada ya moja. Alimkumbuka Rudell kwenye ngazi. Alivitoa vyote hivyo kwa ajili ya mtu ambaye hakuviomba, na katika kuvitoa akamzika baba wa mtu mara ya pili. Machozi yakamtoka, hakuyafuta.

"Nitakuitia mimi," alisema mwishowe.

"Ita basi."

Akaita, pale pale kwenye kiti. Mzee akakunja uso, akatikisa kichwa.

"Upo karibu mno. Unanipigia kelele sikioni."

Elwood akateremka. Akatembea mpaka kwenye nguzo ya taa, akageuka, akaita. Hezekiah akamfanyia ishara kwa mkono: nenda. Akaenda mpaka duka la kona, akaita. Nenda. Bi Vashti alikuwa ameshatoka na bakuli lake, na wanawake wengine wawili nyuma yake, wakamwona muuzaji anawakimbia.

"Elwood! Unaita unakwenda wapi? Mapichi si haya huku!"

Hakusimama. Akapita kona ya pili, akapita kanisa, jua likimpiga shingoni, mpaka gari likawa dogo kuliko kiganja na njuga hazisikiki. Hapo akasimama katikati ya barabara, akavuta pumzi mpaka chini kabisa, akaanza taratibu, mapichi, mapichi ya ng'ambo, akapanda, akaning'inia, na kwa kuwa alikuwa amelia sauti ikapasuka kabla ya mahali pake na ikashuka imechoka.

Kule mbali mjomba wake alisimama juu ya gari. Wanawake walikuwa wanamnyooshea mabakuli na yeye hawaoni. Mzee wa miaka hamsini na sita, akavua kofia, akainyanyua juu ya kichwa, akaanza kuipunga, kwa nguvu, kwa mkono mzima, kama mtoto aliyesimama gatini ambaye ameiona boti.